Niite Mama Benedikto

Lupaso, Masasi
8 Juni 1952

Kwa binti yangu mpendwa, Mama Benedikto,

Tumsifu Yesu Kristo. Shikamoo yako nimeipokea kabla hujaitamka, marahaba sana. Sisi hapa wazima, ila baba yako na mguu wake. Pale jembe lilipomkata wakati wa palizi, kidonda kimefunga vizuri kwa juu, ameanza kutembea, lakini akikaa anaushika mguu na kukunja uso. Nimemwambia ni uzee, akaninunia. Mbuzi mweupe amezaa. Karanga mwaka huu Mungu ametuona. Ukilitazama shamba langu na la Sikuzani hapa jirani, utadhani mvua ilikuwa inachagua.

Sasa neno lenyewe. Mama Benedikto! Ngoja niliandike tena nilione: Mama Benedikto. Mzee Fakihi alipopita na lori lake kununua karanga alisimama barabarani akaita mbele ya watu, "Bibi Dominika, bintiyo kule Chilangala kajifungua mwanamume, na Mwalimu anasema ataitwa Benedikto." Jina la marehemu baba yangu! Nilitupa ungo, karanga zikamwagika, kuku wakafaidi. Nilipiga vigelegele mpaka baba yako akatoka ndani na rungu akidhani kuna chui.

Nakwambia, Lupaso nzima inajua. Nani mwingine hapa ana binti aliyesoma kwa masista mpaka darasa la sita, akaolewa na mwalimu, na uzazi wake wa kwanza tu akaleta mwanamume? Sikuzani akajitia kusema hata wa kwanza wake alikuwa wa kiume. Nikamwambia, "Ndiyo, lakini hukuzaa na mwalimu." Akacheka, maana atafanya nini.

Kwa desturi ungezalia hapa kwetu, mtoto wa kwanza apokewe na bibi yake. Lakini masika yaliharibu njia ya kupanda huko juu, basi tumeyaacha. Nakutumia mbeleko kwa lori la Mzee Fakihi. Nimeichagua mwenyewe dukani Masasi, nyekundu, na pindo nimelitia kwa mkono wangu. Usimbebe mjukuu wangu kwa kanga ya kuazima. Wala usihangaike kunieleza amefanana na nani, najua: paji la uso ni la kwetu. Baba yako akishapona vizuri nitakuja kumwona huyo mume wangu mpya, na huyu wa zamani ajue amepata mwenzake.

Mimi bibi yake Benedikto,
Dominika


Chilangala, Newala
20 Julai 1952

Mama mpendwa,

Shikamoo. Shikamoo na kwa Baba, mpe pole ya mguu. Mimi sijambo. Mwalimu hajambo, anawasalimu sana, shule imefunguliwa.

Mbeleko imefika. Rangi yake ni nzuri na pindo limenyooka. Ahsante, Mama.

Kiangazi kimeanza. Mashimo tunayokingia maji ya mvua yamekauka, sasa tunashuka bondeni kisimani. Tunaondoka jua halijatoka, tunarudi limekwisha panda. Kushuka si kazi. Kupanda ndiko kunakomjua mtu, ndoo kichwani na mikono imeshika mizizi. Hapa juu mwanamke husifiwa kwa shingo yake.

Mbuzi mweupe amezaa wangapi? Na ule mkorosho nyuma ya jiko, bado Baba anasema ataukata?

Barua yako nimeisoma mara nyingi, hasa pale mwanzo. Tafadhali, Mama, niandikie tena upesi. Usihangaike kuja, mguu wa Baba upone kwanza.

Ni mimi mwanao


Lupaso, Masasi
17 Agosti 1952

Kwa Mama Benedikto, binti yangu,

Marahaba mwanangu, na baba yako anaitikia. Mguu wake umeanza kuvimba tena, na hali amekaa tu. Mbuzi amezaa pacha, na mkorosho upo. Umefurahi? Maana umeniuliza habari za mbuzi, umeniuliza habari za mti, na mume wangu hukumtaja hata kwa herufi moja! Masista walikufundisha kuandika barua namna hiyo?

Watu hapa wananiuliza. Juzi tulikuwa tunamenya karanga uani kwangu, Sikuzani akasema, "Mbona siku hizi hutuletei habari za mjukuu?" Ningefanyaje? Nikawaambia amenenepa, shingo imekaza, ukimtekenya anacheka, na usiku halii. Si uongo. Ndivyo walivyo watoto wote wa ukoo wetu.

Sasa kuna jambo moja dogo. Mzee Fakihi anasema alikuona gulioni Newala mkasalimiana. Nikamuuliza, "Na Benedikto alikuwa macho au amelala?" Akasema hukuwa na kitu mgongoni. Nikamwambia, "Mzee Fakihi, vumbi la barabara limekuingia machoni." Akanyamaza. Na Mzee Fakihi tunamjua, si mtu wa kunyamaza.

Mtoto alikuwa kwa mama mkwe wako, sivyo? Niandikie kwamba alikuwa kwa mama mkwe.

Mimi bibi yake,
Dominika


Chilangala, Newala
14 Septemba 1952

Mama mpendwa,

Shikamoo. Natumaini Baba anaendelea vizuri. Hapa sote tupo.

Hakuwa kwa mama mkwe.

Benedikto alifariki mwezi wa Juni, kabla lori halijaleta mbeleko. Ilikuwa homa. Asubuhi alinyonya vizuri, mchana akakataa ziwa, na jua lilipotua alikuwa amekwisha.

Wanawake wa hapa walikuja wakamchukua. Kwa kuwa hakuwa ametolewa nje bado, hapakuwa na matanga. Walimzika wao wenyewe, mimi sikuruhusiwa kwenda. Walinifunga kifua kwa kitambaa ili maziwa yakauke. Mama mkwe alikaa nami, na ni mtu mwema, usimfikirie vibaya. Akaniambia kwa upole, "Anjelina, mtoto mchanga haliliwi. Ukimlilia unajifunga tumbo."

Tangu nijifungue mtu huyu alikuwa hajaniita Anjelina. Hapo ndipo nilipojua kwamba mambo yamekwisha. Kesho yake Mwalimu naye akaniita Anjelina. Sasa hata watoto wanaopita njiani.

Maziwa hayakukauka upesi, Mama.

Ni mimi


Lupaso, Masasi
28 Septemba 1952

Kwa binti yangu mpendwa, Anjelina,

Marahaba mwanangu. Baba yako tumempeleka hospitali ya Mkomaindo. Kumbe kidonda kilifunga juu tu, ndani kilikuwa na usaha. Imebidi kifunguliwe upya. Alipiga kelele, nakwambia, mpaka wagonjwa wengine wakaja mlangoni kutazama. Sasa amepata nafuu.

Barua yako nimeipata na nimeielewa. Pole. Bwana alitoa na Bwana ametwaa.

Sasa nisikilize mimi mama yako. Mama mkwe wako amesema kweli, ndivyo hata sisi tulivyofundishwa. Jina lake usilitaje tena, atakayekuja baada yake asije akageuka njiani. Kula. Oga. Shika kazi. Wewe si wa kwanza, na si wa mwisho. Mimi hapa Lupaso tangu nimeolewa hakuna aliyeona chozi langu, muulize yeyote, na tazama nilivyonawiri. Binti yangu mimi hawezi kushindwa na jambo linalowapata wanawake wote. Jikaze. Mwakani wakati kama huu nitapiga vigelegele vingine, na hivi vitavuka mpaka Ruvuma.

Watu hapa sijawaambia. Wakiniuliza nasema hajambo. Nitawaambia ukishapata mwingine, yatakuwa yamekwisha yenyewe.

Nakutumia majani ya kuoga, chemsha na mizizi yake.

Hapa chini karatasi imelowa kidogo, wino umetapakaa. Ni maji, nilikuwa nakunywa.

Mama yako,
Dominika


Lupaso, Masasi
9 Novemba 1952

Kwa Anjelina,

Hujambo? Baba yako amerudi nyumbani, anatembea na fimbo. Korosho tumeanza kuokota. Nimekuandikia, umenyamaza. Nikasema labda barua imepotea. Kisha Mzee Fakihi akaja, akakataa kiti, akakataa uji, akasema amesimama tu kunifikishia maneno ya Mwalimu. Nikajua si mema.

Anasema unashuka bondeni na wenzako kila asubuhi. Anasema wenzako wakiteka wewe unakaa juu ya jiwe. Wakijitwisha nawe unajitwisha, ndoo tupu, unapanda nayo kilima kizima na shingo umeikaza, na ukifika mlangoni unaitua polepole kwa mikono miwili, kama inayoweza kumwagika.

Anjelina, niambie kwamba huyu Fakihi amezeeka.

Kuna wanaosema umepandwa na majini, kuna wanaosema ni uvivu wa waliosoma. Mimi nimemjibu kwamba binti yangu hajapata kuwa mvivu, na majini hayamwezi, ana kipaimara. Lakini Mwalimu anauliza nimpe shauri. Kuna mganga wa kutoa majini, wazazi wa Mwalimu wanataka upelekwe kwake, ukakae huko mpaka yatoke. Anasema yeye hataki, ila hana la kuwajibu wakubwa wake. Asipopata neno kutoka kwangu kabla ya Krismasi watakupeleka.

Mwanangu, unaumwa wapi? Kichwa? Tumbo? Nitajie mahali, nikutafutie dawa yake.

Mama yako


Chilangala, Newala
30 Novemba 1952

Mama,

Shikamoo. Salamu kwa Baba, nimefurahi kusikia anatembea.

Mzee Fakihi hajazeeka. Ni kweli.

Pale kisimani wanawake wanaitana. "Mama Shamte, sogea." "Mama Kurwa, nipe kata." Zamu yangu ikifika wanasema, "Anjelina, teka." Hapo mkono unanifia. Ndoo naiona, kata naiona, maji nayaona, sioni yananihusu nini. Nakaa. Wakiondoka naondoka, kwa kuwa ndiyo njia ya nyumbani. Kwa nini naitua polepole, hata mimi sijui. Mwalimu aliponiuliza nilimtazama tu mpaka akatoka nje.

Umeniuliza naumwa wapi. Nimetafuta pa kukuonyesha, sijapaona. Nikitia chumvi chakula hakina chumvi. Watu wakiongea nawasikia kama walio shamba la pili. Mchana nasinzia hata nimesimama. Wakati mwingine nakuta mikono yangu inapiga piga kitu begani na begani hapana kitu. Sina majini, Mama. Jini angekuwa na jina lake, angesema anataka nini.

Wakinipeleka kwa huyo mganga nitakwenda. Sina nguvu ya kukataa. Lakini najua sitarudi nikiwa mtu.

Ulinilaumu kwamba nilichelewa kukwambia. Hukuandika, ila najua ulinilaumu. Nilichelewa kwa sababu moja. Hapa wote walikwisha niita Anjelina, na barua yako ikafika imeandikwa kwa Mama Benedikto. Nilikuwa naifungua, nasoma mstari ule wa kwanza, naikunja. Ndiyo maana nilikuomba uandike tena upesi. Nilijua siku nitakayokwambia utaacha. Na kweli uliacha.

Sasa nina swali, kisha sitakusumbua. Nilipokuwa mdogo, sijaanza shule, Bibi alikuja kukaa kwetu, amezeeka, anachanganya mambo. Siku moja alikuita kutoka barazani, "Mama Anastasia, niletee maji." Ukaangusha mtungi. Baba akanishika mkono akanitoa nje. Jioni nikakuuliza Anastasia ni nani, ukasema Bibi hajui analosema.

Mama, Anastasia ni nani?

Usiponijibu sitakulaumu. Ila usiniandikie tena kwamba nijikaze.

Ni mimi


Lupaso, Masasi
14 Desemba 1952

Mama Benedikto, mwanangu,

Leo salamu nitazitoa mwisho. Nikianza nazo nitajificha humo.

Anastasia ni dada yako. Alikutangulia. Alizaliwa wakati wa kupanda, na mpunga ulipotoa masuke hakuwapo. Alikuwa na alama nyekundu nyuma ya sikio. Kila nilipomtoa katika beseni la kuogea alipiga chafya, kwa hasira, kama mzee aliyepuliziwa ugoro. Walimchukua kama walivyomchukua wako, na mimi sikwenda. Asubuhi nikaitwa Dominika. Nikashika jembe, nikalima mpaka wakwe wakanisifu.

Ulipozaliwa wewe nikawa Mama Anjelina, na nikaanza kujisifu. Uliposimama nilijisifu, ulipokwenda kwa masista nilijisifu, watu wakasema huyu mwanamke ana mdomo. Hawakujua kwamba nilipokuwa nanyamaza nilikuwa nasikia chafya.

Barua yako niliisomea shambani. Nilipofika pale pa mikono kupiga piga bega nilikaa chini. Baba yako akaja na fimbo yake akaniuliza kulikoni. Nikamsomea yote, hata lile swali. Kisha akasema, "Mguu wangu ulipouma nilipiga kelele Mkomaindo nzima, na hakuna aliyeniambia nijikaze. Kwa nini huyu mtoto tumemwambia?" Halafu akasema, "Na kila Anastasia alipopiga chafya, wewe ulikuwa unamwambia, Mungu akukuze."

Miaka yote hiyo nilidhani chafya zile ninazo peke yangu.

Nikaenda kwa Sikuzani. Naam, kwa Sikuzani. Nilimkuta na wenzake wanamenya korosho, nikasema nikiwa nimesimama mlangoni, ili nisipate nafasi ya kubadili: "Mjukuu wangu niliyewaambia amenenepa alikufa tangu Juni. Na kabla ya Anjelina nilikuwa na mwingine." Nilingoja wanicheke, haki yao. Sikuzani akaweka kisu chini. Akaniuliza, "Benedikto alikuwa na nywele nyingi?"

Mama Benedikto! Nimewaeleza watu hawa shingo yake, kicheko chake, usingizi wake. Na mjukuu wangu sijui hata kama alikuwa na nywele! Wewe nilikukataza usinieleze. Hapo ndipo niliposhindwa, nikalia mlangoni kwa watu, kwa sauti, kamasi na machozi, na Sikuzani akanishika kichwa. Mwanamke mmoja akasema wake aliitwa Stamili. Hakuna aliyekuwa amemuuliza.

Kwa hiyo sikiliza. Nimemwandikia Mwalimu, barua yake ipo humu humu. Nimemwambia hakuna wa kukupeleka kwa mganga. Nimemwambia akuite kwa jina lako, mbele ya wazazi wake, na wakikasirika wanikasirikie mimi, nitakuwa nimefika. Nakuja na lori la Mzee Fakihi baada ya Krismasi, mvua inyeshe isinyeshe. Lori likikwama nitapanda kwa miguu. Siji kukuponya, mwanangu, dawa sina, ningekuwa nayo ningeanza na mimi. Nitashuka nawe bondeni. Ukikaa juu ya jiwe nitakaa. Ukipanda na ndoo tupu nami nitapanda na yangu tupu, watuseme wawili.

Jibu hili tu: alikuwa na nywele?

Shikamoo yako nimeipokea, marahaba. Baba yako hajambo, anakusalimu. Mbuzi wazima.

Ni mimi mama yako,
Mama Anastasia


Chilangala, Newala
28 Desemba 1952

Kwa Mama Anastasia,

Shikamoo, Mama. Shikamoo Baba.

Mvua imeanza huku juu. Watu wanakinga maji mlangoni, hakuna anayeshuka bondeni sasa. Nimetega ndoo yangu kwenye mchirizi kama wengine. Imejaa, imefurika, sijaigusa. Chakula bado hakina chumvi. Usije ukadhani utanikuta nimepona.

Mwalimu alisoma barua yako mara mbili. Kisha akatoka nje akasimama kwenye mvua, akaniita. Aliniita kwa sauti kubwa, mama yake yupo jikoni akisikia. Sikuweza kuitika. Lakini nilitoka.

Alikuwa na nywele, Mama. Nyingi, zimelala mpaka kwenye paji, nyeusi, zinanata kama zimepakwa mafuta. Paji lilikuwa la kwao, si la kwetu, nisamehe. La kwetu lilikuwa kidole kidogo cha mguu, kile kinachopanda juu ya mwenzake kama chako. Nilitaka ukigundue mwenyewe, nikamwambia Mwalimu asikuandikie, nione uso wako.

Akinyonya alikuwa anashika sikio langu. Sijapata kumwambia mtu.

Mbeleko ipo. Tangu ilipofika haijakunjuliwa, imebaki na mikunjo yako. Njoo tuikunjue.

Mama Benedikto